Chumba cha Bi Shirini

Sogeeni karibu, Selemani na Zainabu, kaeni hapo kwenye mkeka, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Nimesikia, Selemani, kwamba umemwambia Bi Shirini ahame chumba cha uani ili aingie mpangaji wako, mwalimu yule. Hukuniuliza, labda ulidhani nimeshaondoka. Bado nipo, na kabla sijaenda nataka mjue mnakaa nyumba ya nani.

Baba yake Shirini ndiye aliyeijenga, ya kwanza katika safu hii ya maduka yaliyoshikana kuta, wakati ng'ambo ya barabara kulikuwa majani matupu. Mbele duka la vitambaa, katikati vyumba vya kulala, uani jiko. Mimi na marehemu baba yenu tuliposhuka kutoka Kinole, walitupa chumba kimoja cha kupanga na kibaraza cha kuweka cherehani, na vitambaa walivyouza wao nikavishona mimi. Tulikaa hivyo mpaka serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha, hii nayo ikachukuliwa, na Badrudini, kaka yake Shirini, akafunga mizigo ya familia yote. Nilikuwa barazani alipomwambia, "Shirini, gari linangoja." Akajibu, "Nendeni. Mama amezikwa hapa, mimi nabaki naye."

Upangaji ukaandikwa kwa jina la baba yenu, naye Shirini akabaki na chumba cha uani, mgeni katika nyumba ya baba yake. Hakutugombeza, alinyamaza tu. Miaka ikapita tunapika ua mmoja, majiko mawili, yeye kanipa mgongo, nami nikawa na hasira, kwa sababu sikumnyang'anya mtu kitu na sikuona kwa nini nitazamwe kama mwizi. Kila asubuhi alifagia nyumba nzima, hata chumba changu, bila salamu. Duka likafungwa, rafu zikabaki tupu, baba yenu akafa, na bado hakunisemesha. Aliyezungumza naye ni Pazi peke yake, mdogo wenu, ambaye Shirini alimlea kwa tende na vitumbua mpaka akavaa sare ya jeshi.

Wanajeshi walipokuja kutoka kambi ya Ngerengere na habari za vita vya Kagera, Shirini ndiye aliyewafungulia mlango. Mimi nilikuwa nashona. Alikuja akasimama mbele yangu, akaushika mkono wangu nisizungushe gurudumu, akasema, "Pili, acha kushona." Lilikuwa neno la kwanza kuniambia tangu kaka yake aondoke. Nikajua. Alikaa nami mkekani matanga yote, akateka maji, akapokea wageni, akalia kuliko mimi niliyemzaa. Tangu hapo tunakula sahani moja, lakini furaha haikurudi humu ndani, na sitawadanganya kwamba ilirudi.

Basi shikeni maneno yangu. Bi Shirini hahami. Mkihamishwa nyinyi, mhame naye, na siku yake ikifika mlazeni karibu na mama yake. Cherehani ni ya Zainabu. Shamba la Kinole ni la ukoo wa mama yangu, litamfuata Zainabu na wanawe kama desturi yetu Waluguru ilivyo, nawe Selemani usibishane na mjomba wako Mikidadi juu ya hilo, lima pale kwa idhini ya dada yako. Mimi nizikeni Kinole. Mvua ikiwa imeikata njia, msiwatese watu kunibeba mlimani, nilazeni hapa mjini. Mwanangu Pazi yuko mbali zaidi, na kaburi lake sikuliona.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Mungu awajalie watoto wenu wawazike nyinyi, msiwazike nyinyi wao. Awape riziki ya halali, na mkae mkisemeshana, hata mkiwa na hasira, semeshaneni...

Selemani, inuka. Nenda uani ukamwambie mwenyewe kwamba habanduki, lakini kwanza mpe shikamoo yake. Zainabu, uache mlango wazi, mama. Nataka kumsikia akiitika.