Kwa Nini Yeye, Si Pacha Wake

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba niwasomee maisha ya marehemu kama yalivyoandikwa na mumewe, karani mstaafu wa mahakama, naye ametaka nisiruke neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1942, katika chumba cha uani nyuma ya stesheni ya reli, nusu saa kabla ya pacha wake, mwalimu mstaafu aliyeketi hapa mbele. Walisoma dawati moja tangu Januari 1950 hadi Desemba 1957, pacha akaenda chuo cha ualimu, marehemu akaajiriwa kiwanda cha nguo tarehe 2 Februari 1960, akasimamia mashine za kufuma kwa miaka thelathini na moja, mahali ambapo mtu hasikii hata jina lake, na wafumaji husemezana kwa kutazamana midomo.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1965, wakajaliwa watoto watatu, wote wako hapa.

Alistaafu mwaka 1991, masikio yakiwa yamekwisha kupungua nguvu. Nyumbani mumewe alizoea kusema akiwa nyuma ya gazeti, asipojibiwa hudhani amenuniwa, naye hununa, na daktari aliposhauri kifaa cha kusikia, mwaka 2004, mume alisema, "Masikio ya uzeeni hayo, tutazoea." Wakazoea. Meza moja, watu wawili, kimya.

Mwaka 2013 alianza kupotea njia ya sokoni, na tarehe 19 Mei 2014 ikathibitika ni Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mumewe aliuliza kwa nini yeye, si pacha wake, daktari akataja umri, urithi, shinikizo la damu, masikio yasiyosaidiwa, upweke, kisha akasema, "Mzee, ni lipi hasa lililompata yeye, siwezi kukuambia." Jibu hilo halikumtua mzigo.

Tangu hapo aliketi mbele ya mkewe kila asubuhi, uso kwa uso, akimsimulia habari za watoto na za majirani. Mwezi Aprili 2021 marehemu alimgeukia pacha wake akasema, "Mdogo wangu, huyu mzee anaongea vizuri, angemfundisha mume wangu." Pacha alicheka, kisha akatoka nje. Mume aliendelea kusimulia.

Alifariki tarehe 3 Juni 2021, saa nne asubuhi, mumewe akiwa katikati ya sentensi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, na wafumaji wenzake, ambao hawakuacha kuja kuzungumza naye.

Pumzika, mama, nasi tukuache katika amani.