Tanzia ya Fundi Bisser

Mheshimiwa Meya Topalov. Ndugu Mkurugenzi, Injinia Darakchiev. Padri Anastas, uliyetuletea maji yako ya baraka. Ndugu wageni waalikwa mlioketi kwenye viti vyenye mito. Mafundi wenzangu mliosimama kwa sababu viti vimewaishia. Nawe Slavka, mjane wa fundi wetu Bisser Chaushev, uliyewekwa nyuma kabisa, kule yanakotundikwa makoti ya wageni: nawasalimu nyote. Jina la Slavka halikuwamo katika orodha ya itifaki niliyokabidhiwa. Nimelitia mwenyewe.

Ndugu Mkurugenzi amenimwagia sifa hapa mpaka nikageuka kutazama kama kuna Zapryan mwingine nyuma yangu. Amesema mimi ni nguzo ya shirika hili la umeme. Nguzo nazijua, jamani, nimezipanda tangu nikiwa na nywele. Nguzo hupigwa misumari, mbwa huinua mguu hapo, na ikizeeka hung'olewa ikawekwa nyingine. Kwa hiyo sifa hiyo nimeipokea, imenikaa barabara.

Sasa nimeombwa, kama kiongozi wa kikosi anayestaafu, niliondoe pazia lile ukutani na kuzindua bamba la marumaru lenye majina ya mafundi waliofia kazini. Ni heshima kubwa. Asubuhi, wakati mama wa usafi akilipangusa, nilichungulia. Majina yameandikwa kwa herufi za dhahabu, yanapendeza. La Bisser halimo. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kwamba hapa wanaandikwa waliofia kazini, si waliokufa kwa uzembe wao.

Uzembe. Neno hilo nitalirudia baadaye.

Kwanza niwaulize: ni nani anayewajua marehemu wa wilaya hii kuliko sisi mafundi wa laini? Hata Padri hatufikii. Mtu akifa, tanzia yake inabandikwa kwenye nguzo, picha na jina, na kila mwaka inabandikwa mpya. Sisi tunapanda tukiwapita usoni, walimu wetu, majirani zetu, mama zetu. Siku yangu ya kwanza kazini niliona tanzia imelegea nikataka kuibandua, mkuu wangu wa wakati huo akanipiga kofi mkononi. "Wewe! Hiyo huigusi. Hiyo kazi tumemwachia mvua." Hakuna fundi wala mlevi wa wilaya hii aliyewahi kuing'oa tanzia ya mtu kwa mkono wake.

Mpaka wiki iliyopita. Wiki yangu ya mwisho kazini, baada ya maisha yote kwenye theluji na upepo, nilikabidhiwa kikwangulio cha rangi, nikaagizwa nisafishe nguzo zote za njia watakayopita wageni. Nikakirudisha stoo. Lakini akapatikana wa kukishika, na nguzo ile ya kijiji cha Kamen Dol, ambapo Slavka hubandika tanzia ya mumewe kila majira ya baridi, leo ni safi kama sahani. Hongereni. Wageni hawakuona kitu.

Kwa nini nguzo ile? Kwa sababu ndipo alipofia.

Mnaikumbuka theluji ile nzito, iliyoangusha laini bonde zima. Kikosi changu kilitumwa Kamen Dol. Waya umekatika kati ya nguzo mbili: upande mmoja unatoka kituoni, upande mwingine unakwenda kijijini. Kabla mtu hajagusa kitu, pande zote mbili zinafungwa nyaya za kupeleka umeme ardhini, ili ukija kwa bahati mbaya upite chini, usipite kwa mtu. Pande zote mbili. Nyaya hizo zilikuwa za upande mmoja tu. Za pili zilikuwa zimehamishiwa kikosi kingine asubuhi ileile, kwa amri ya ofisi.

Nikapiga simu. Ndugu Mkurugenzi, sauti yako ninaikumbuka vizuri.

"Zapryan, huko kijijini kuna kituo cha umeme?"

"Hakuna."

"Sasa umeme utatoka wapi, kwenye mbuzi? Fanyeni kazi, bwana. Watu wako gizani."

"Sipandishi mtu mpaka niletewe nyaya."

"Basi shuka wewe, nitamtuma kiongozi mwenye moyo!"

Wakati tukirushiana maneno, akaja mtu mbio kutoka kijijini, akamwambia Bisser kwamba mashine ya kupumulia ya Bibi Gyurga inakaribia kuishiwa betri. Bisser hakunisubiri. Alikuwa ameshafunga kwenye viatu makucha ya chuma ya kupandia, akaiparamia nguzo. Nikamfokea, "Bisser, shuka!" Akacheka, alivyozoea. "Mkuu, wewe malizana na mabosi, mimi nimalizane na bibi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nimeyabeba mpaka leo na yananiuma hivi ninavyoyasema.

Umeme ulitoka wapi? Si kwenye mbuzi.

Nilishuka kijijini nikifuata muziki. Kijiji kizima kiza, ila baa moja tu inawaka taa, ndani watu wanacheza, mjukuu amebatizwa. Nyuma ya baa jenereta linanguruma, na kutoka kwenye jenereta kuna waya wenye plagi huku na huku, ncha moja imechomekwa kwenye soketi ya jikoni. Swichi kuu ya nyumba haikuzimwa. Umeme ukajaa nyumba, ukatoka nje, ukaingia kwenye transfoma ya kijiji, transfoma ikaukuza kama kawaida yake, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye mikono ya Bisser.

Mwenye baa hakuwa bado meya.

Aliniambia, "Kaka Zapryan, nilikuwa na wageni. Ningewaweka gizani?" Mheshimiwa, usiiname kufunga kiatu, kiatu chako hakina kamba. Kesho yake ule waya haukuwepo tena. Na Ndugu Mkurugenzi akaniweka mkono begani: "Hilo la waya tusilipeleke mbali, ndugu yangu. Yule ni mtu wa watu." Nililipeleka mbali. Nilisema mbele ya kila aliyekuja kuchunguza, wakatikisa vichwa, wakanywa kahawa, wakaandika kwamba marehemu alipanda bila kinga, kwa uzembe wake.

Basi nambieni, enyi mliosoma na msiosoma: aliyezihamisha nyaya si mzembe? Aliyechomeka waya ule akarudi kucheza si mzembe? Mzembe ni yule aliyemkimbilia bibi asiyeweza kupumua? Bibi Gyurga alizikwa wiki ileile. Tanzia zao zilikaa kwenye nguzo moja.

Sina mengi zaidi. Pazia lile silifungui. Afunguaye na afungue. Nishani mnayotaka kunivika, mvisheni aliyeshika kikwangulio.

Slavka, njoo mbele, mama. Mpisheni njia, hayo makoti hayatakimbia. Umekuja na karatasi? Na gundi? Nipe.

Haya. Nimeibandika hapa, kwenye marumaru, karibu na pazia. Picha ni ileile, anacheka. "Bisser Chaushev, fundi wa laini. Hatukusahau."

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi, anayeweza kuing'oa aje sasa, mbele ya Padri na mbele ya mjane. Nasubiri.

Hakuna? Basi itakaa kwa desturi yetu, mpaka mvua iitoe. Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa, na kabla sijaondoka nalipongeza shirika kwa jengo hili jipya: nimelikagua mwenyewe, paa lake halivuji.