Punje Sita Zilizosukuma Tanga

Tarehe 31 Machi, Nobuhiko Kuramochi atafunga mlango wa maabara baada ya miaka thelathini na sita. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike mimi, Fusae, kwa kuwa nilipika kantini ya taasisi hii miaka ishirini na miwili. Kwamba mstaafu nimemzaa mwenyewe, hiyo ni nyongeza, na sitaificha.

Kazi yake ilikuwa tanga la chombo cha angani: utando mwembamba kuliko unywele, mpana kuliko ukumbi wetu wa chakula, unaosukumwa na mwanga wa jua badala ya mafuta. Msukumo wenyewe hauzidi uzito wa punje sita za mchele. Hapo ndipo wasomi walipopata kicheko. Nikiwa dirishani nagawa tambi, nilimsikia mkuu wake, Profesa Iwabuchi: "Kuramochi, hilo tanga lako likifika sayari ya Zuhura, mimi nitakuwa nimeshakufa, nimeshachomwa, ni jivu!" Meza nzima ikacheka, tena kwa kufuata vyeo.

Kusema kweli, hata mimi nilicheka. Mtoto ambaye hajawahi kukunja godoro lake la sakafuni asubuhi, leo amekabidhiwa kukunja tanga litoshe ndani ya chombo! Katika majaribio manne liligoma kufunguka. Akaja nyumbani kanywea, akanikuta nakunja kimono, joho la marehemu dada yangu. Nikamwambia, "Baba, acha ubishi. Fuata mishono, na umfikirie atakayefungua." Jaribio la tano likafunguka kama ua.

Septemba iliyopita chombo kikarushwa, na tanga likafunguka huko angani. Iwabuchi akatoa sharti: lisipoongeza mwendo mpaka siku Kuramochi anastaafu, mradi ufungwe. Punje sita zikasukuma mchana kutwa, na huko hakuna usiku. Wiki iliyopita vipimo vikaja: nyongeza ya mwendo imefikia kasi ya treni ya haraka. Mradi unaendelea.

Katika picha ya ukurasa huu, aliyetanua kifua mbele, akieleza habari za "tanga letu", ni Profesa Iwabuchi. Sikio linalochungulia nyuma ya bega lake ni la mstaafu. Nalijua vizuri, nimelivuta sana.

Nobuhiko, asante kwa kuvumilia vicheko. Uzee wako uwe mwepesi kama tanga lako, na godoro sasa ukunje mwenyewe. Siku ya kuagana napika wali wa maharage mekundu, karibuni nyote. Sahani ya Profesa Iwabuchi nimeshaipanga: punje sita. Ale taratibu, zitamfikisha Zuhura.