Swali la Mwanamke Aliyetoka Mjini

Mwaka ule wa mwisho wa vita kahawa tulikwisha kuisahau. Benchini, mbele ya kibanda changu cha kunyolea, tulikunywa maji ya shayiri iliyoungua. Tulikuwa watatu: mimi Yasaku kinyozi, mzee Genzo, tuliyemwita Jemadari kwa sababu ujanani alipigana na Warusi, na Tokuji fundi redio, tuliyemwita Waya. Mwanawe, Haruo, alifanya kazi rasini, kwenye kile chuma cha jeshi kilichozunguka kutwa kucha. Asubuhi hiyo moshi wa mji uliopigwa mabomu usiku ulionekana ng'ambo ya ghuba. Polisi alikuwa ameshapita mara mbili, kwa hiyo tulinong'ona.

— Chuma kile kinatupa miali, alisema Jemadari. Ndege ikipigwa nayo, injini inazima.

— Mbona jana hazikuzima? nikamuuliza.

— Askari waliziachia makusudi. Zitazimwa zikirudi, baharini huko.

— Acha uzushi, mzee, alisema Waya. Kinatuma mawimbi tu. Yakigonga ndege yanarudi, kama sauti yako kisimani. Haruo anaona alama kwenye kioo, ndege ingali mbali.

— Wewe nawe na kisima chako. Chuma kile kinakausha hata mawingu. Mvua umeiona tangu wakifunge?

— Punguzeni sauti, nikasema.

Mwanamke mgeni alikuwa amesimama mbele yetu. Mkono wa vazi lake ulikuwa umeungua hadi kiwikoni.

— Samahanini, wazee. Hicho chuma kinaona ndege kweli?

— Kinaona, dada, Waya akajibu kwa fahari. Mwanangu ndiye anayekaa mbele ya kioo.

— Na jana kiliziona?



— Kiliziona. Alipita nyumbani alfajiri, akaniambia. Alipiga simu ya onyo mapema sana.

— Basi mbona king'ora chetu kule mjini kililia nyumba zikiwa zinaungua?

  

Waya akainuka, akampisha mwanamke akae, akashika njia ya rasini, tuliyokatazwa raia wote.

— Tokuji, rudi, nikasema. Watakupiga risasi.

— Naenda kuuliza ile simu aliipokea nani.

Jioni askari wawili walimleta, wakamwacha mlangoni pangu, mdomo umepasuka. Mwanamke alikuwa bado yupo.

— Wamekujibu? akauliza.

— Wameniuliza nani kanituma.

— Ukasemaje?

— Nimesema hakuna mtu.

Mwanamke akamwinamia kwa heshima, kichwa chini, akakaa hivyo muda mrefu.