Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mukunde, mwanangu, na wewe Shami ambaye najua leo hutaelewa, tegeni masikio, na wewe dada Daphrose uliyeshika simu hii usiizime hata nikinyamaza, maana nitanyamaza mara nyingi, ni pumzi tu inayokatika, si kwamba nimemaliza. Kesho saa moja asubuhi wananifungua kifua. Daktari amesema kuna kilango ndani ya moyo wangu hakifungi sawasawa, watakitengeneza, akanichorea kwenye karatasi huku anatabasamu, na mimi mtu anayetabasamu sana namwogopa. Nina miaka ishirini na tisa. Wosia ni kazi ya wazee, najua, lakini baba yenu Eustache aliondoka na pikipiki yake asubuhi moja hajamaliza hata chai, hakurudi hai, hakuacha neno, na tangu siku ile kuna mambo ya nyumba yetu nayajua mimi peke yangu, sasa nisipoamka yatakwenda na mimi, na wapo wanaongoja yaende na mimi.

Kwanza nyumba. Nyumba ni yenu, Mukunde na Shami, vyumba viwili, choo, na ule mparachichi wa nyuma. Tuliinunua mimi na baba yenu kwa mtu anaitwa Nzeyimana, mwaka ule Mukunde unaanza kutambaa, kabla yeye hajahamia Uganda. Tatizo ni kwamba kipande chetu ni kidogo, sheria haikubali kipande kidogo vile kukatwa kipewe hati yake, kwa hiyo ukitazama hati ya kiwanja mpaka leo inasoma Nzeyimana, na sisi tunayo karatasi ya mauzo tu, ya mkono, yenye sahihi za mashahidi wawili, Mzee Usumani fundi cherehani na baba yenu mdogo Jean-Paul. Karatasi hiyo haiko kwenye sanduku la bati. Jean-Paul anadhani iko kwenye sanduku, kaniuliza mara mbili mwezi huu, mara ya pili akiwa amenishikia mfuko wa hospitali, eti shemeji, vitu vya maana umeviweka wapi, usije ukapata shida. Shida ya nani? Daphrose, nimekunong'oneza iko wapi, usiitaje hapa, maana hata simu hii siijui inampa nani maneno yangu.

Sasa kosa langu. Lisikilizeni lote, msinikatize.

Mukunde ulikuwa na miaka miwili, nakubeba mgongoni bado. Walikuja bondeni kwetu vijana wawili wenye vizibao na tableti, watafiti, wanapita mlango kwa mlango wakiuliza nyumba hii ya nani, mko wangapi, maji ya mvua yanafika wapi. Kabla hawajafika kwangu Connie wa nyumba ya juu alishashuka mbio na kandambili moja mguuni, ananiambia, Mama Mukunde, hao wanaandika wenye nyumba, ukisema ni yako umekwisha, ama watakutoza ama watakuhamisha, sema unapanga. Mimi nikasema napanga. Kijana aliniuliza kwa adabu kabisa, nikamwambia mimi mpangaji tu, mwenye nyumba yuko Uganda, anaitwa Nzeyimana. Akaomba kunipiga picha mlangoni, nikaitika kwa kichwa, maana niliona nikikataa atajua nimedanganya. Na si mimi tu. Mstari mzima ulisema hivyo. Mzee Usumani, ambaye nyumba yake kaijenga kwa mikono yake akikanyaga udongo mwenyewe, aliwaambia mwenye nyumba ni tajiri mmoja wa Bujumbura, akampa tajiri huyo na jina na wake wawili. Jioni tulikutana bombani tukacheka mpaka ndoo zikamwagika. Tulijiona wajanja.

Baadaye, mnajua, nikapata kazi kule Kimihurura, kwenye ile ofisi, jina silitaji. Makabati yamejaa utafiti uliofanywa kwa ajili ya sera za serikali, wa maji, wa mashule, wa makazi, miaka na miaka, hausomwi na mtu. Ikaja amri kwamba wote uwekwe mtandaoni, mwananchi yeyote aufungue bure. Kazi yangu ilikuwa kung'oa pini, kupitisha kurasa kwenye mashine, kuandika jina la ripoti na mwaka, kuipandisha kwenye tovuti. Annah, mkubwa wangu, aliyekulia Uganda, aliniambia siku ya kwanza, we weka tu, Christella, atakayesoma asome. Sikumwamini. Nani anatoa siri zake nje bure? Nikasema huu ni mtego, wanataka kujua nani anafungua nini, na kwa mwaka mzima sikufungua hata ukurasa mmoja kwa simu yangu. Nilikuwa nawawekea watu mlango wazi na mwenyewe naogopa kupita.

Mpaka mwaka huu, mwezi wa tatu, nikavuta ripoti kutoka kabatini, jalada limeandikwa jina la bonde letu. Nikafungua. Ukurasa wa arobaini na moja, mimi. Nimesimama mlangoni na kitenge cha njano, Mukunde mgongoni unacheka, na chini ya picha wameandika, mpangaji, mama wa mtoto mmoja, mwenye nyumba anaishi nje ya nchi. Nikasoma mpaka mwisho nimesimama. Wanasema bonde linajaa maji, siku moja watu watahamishwa, na kwa kuwa kaya tisa katika kila kumi ni wapangaji, wao wasaidiwe usafiri na kodi ya miezi mitatu, na mazungumzo ya fidia ya nyumba yafanywe na wenye nyumba.

Na wenye nyumba, mmeona, ni Nzeyimana. Na tajiri wa Usumani, yule wa wake wawili.

Nilitafuta wa kumlaumu, wanangu, nikatafuta sana. Niligeuza kila ukurasa nikitafuta mahali walipotuibia. Hawakutuibia. Waliandika tulichosema.

Na mwisho wa ripoti, kwenye tovuti, kuna sehemu ya maoni, mwananchi aandike kama kuna kosa, mpaka mwisho wa mwezi huu wa sita, ndipo mpango mpya uanze kutungwa. Mtu mwenye akili angeandika siku ile ile. Mimi nilifikiri nini? Nilifikiri, nikiandika nimekiri kwamba nilimdanganya mtafiti wa serikali, na sijui kama hilo lina jela, na watoto nawaachia nani, na Jean-Paul akiiona picha atasema hata shemeji mwenyewe alikiri anapanga, basi nyumba haikuwa ya Eustache. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, ukurasa ule mmoja sikuupitisha kwenye mashine. Nikapandisha ripoti bila wa arobaini na moja. Nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Hazikupita wiki mbili. Jumapili natoka misa nawakuta barazani kwa Mzee Usumani, Connie na wengine, simu ya mzee imeegemezwa kwenye cherehani. Akaniita, Mama Mukunde, wewe uko kule kwa makaratasi, njoo unisomee. Hapa arobaini. Hapa arobaini na mbili. Mimi nimeshona suruali miaka thelathini, mguu mmoja ukikosekana naujua. Connie akasema, wameutoa, si ndio huo wenye tarehe ya kubomoa? Mwingine akasema, wanaweka mtandaoni ili waseme wameweka, kinachotuhusu wanakichomoa usiku. Nikasema labda mashine iliruka. Usumani akanitazama juu ya miwani, akasema, mashine. Sawa. Tangu siku ile hiyo sawa yake inanifuata, sijui anajua ama hajui, kila akinisalimu natafuta kama kuna kitu chini ya salamu.

Kilichonimaliza ni hiki. Watu walikuwa tayari kuandika maoni. Usumani alishaanza kuwapanga, kila mtu aseme ukweli wa nyumba yake. Baada ya kuona ukurasa umetolewa wakakataa. Wakasema ripoti imechezewa, ukiandika na jina lako nalo litachezewa. Kila asubuhi nafika kazini nafungua sehemu ya maoni kabla sijavua koti. Hakuna hata moja. Siku inayofuata, hakuna. Bonde zima linaishuku serikali, na aliyeuficha ukurasa anachota maji nao bomba moja, anaitikia, ndiyo, hawa watu si wa kuaminiwa.

Nipe maji kidogo, Daphrose. Kidogo tu, wamesema nisinywe sana.

Jana, kabla ya kuja kulazwa, nilipita ofisini. Nikamwambia Annah yote, nimesimama, mfuko wa nguo za hospitali begani. Akasema, unajua naweza kukufukuza. Nikasema najua. Akasema, urudishe ukurasa, ya kukufukuza tutaongea ukipona. Sijui alimaanisha nini, yeye hatabasamu, labda ndiyo maana namwamini kidogo. Nikaurudisha. Halafu nikaandika maoni ya kwanza, kwa jina langu lote. Niliandika hivi, mwanamke aliye kwenye picha ukurasa wa arobaini na moja ni mimi, si mpangaji, nyumba tuliinunua mimi na marehemu mume wangu, nilidanganya kwa sababu niliogopa, na karatasi ya mauzo ipo na mashahidi wako hai. Kisha nikabonyeza.

Sasa maagizo, maana nachoka.

Jumamosi hii ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na baada ya kazi watu wote wa mtaa watakaa kikao. Daphrose, usimame. Mwombe Mzee Usumani afungue simu yake, usome ukurasa ule kwa sauti, halafu waambie si serikali iliyoutoa, ni Christella. Usinitetee. Watanisema, waache waniseme. Wakimaliza, waambie Jumanne ndiyo mwisho wa maoni, kila aliyesema anapanga na hapangi aandike, Connie awe wa kwanza, kandambili zote mbili miguuni. Huyo acheke, anapenda kucheka.

Jean-Paul naye aulizwe pale pale, mbele ya watu, kama sahihi kwenye karatasi ni yake. Msimuulize nyumbani, wala njiani. Karatasi aishike Usumani, Jean-Paul asipewe mkononi. Kama namwonea atanisamehe, atakuwa amesema ndiyo mbele ya bonde zima, na hilo litawalinda kuliko moyo wangu kumwamini.

Mukunde. Nyumba usiiuze kabla Shami hajamaliza shule. Cherehani yangu ni yako. Saa ya baba ni ya Shami, haitembei, ipelekeni kwa fundi wa saa kule Gisimenti. Mtu akija na tableti kuuliza, mwogope, sikukatazi, mimi mwenyewe bado naogopa, lakini mwambie kweli, na umuulize atayaandika wapi, na siku akiyaandika uende usome. Usome mwenyewe, mpaka ukurasa wa mwisho, uhesabu kurasa.

Mungu awaweke. Awape... subiri. Awape usingizi mzuri na watu wa kuwashuhudia. Shami, mwanangu, dada yako akikushika mkono barabarani usimponyoke. Mbarikiwe mkilala, mbarikiwe mkiamka, hata mimi nisipo...

Usizime, bado.

Ile picha, Mukunde, ipo sasa, mtu yeyote anaweza kuifungua. Ukinikumbuka ifungue. Na mtu akikuuliza huyo mwenye kitenge cha njano ni nani, chini pameandikwa vingine, wewe usifuate. Mwambie ni mama yangu. Mwambie... mwenye nyumba.