Jovina na Sanduku la Muyinga

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Jioni hii tunamkumbuka mama Jovina wa Nyarusange, hapa Gitega. Alikuwa mkulima wa kahawa. Tulimzika mwezi uliopita.

Jovina alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Aliporudi Burundi na mumewe, Elias, walikuta shamba la baba yake limemezwa na majani. Walilima upya, wakapanda kahawa, wakajiunga na ushirika wenye wanachama Gitega na Muyinga.

Ulipofika wakati wa kumchagua mwenyekiti, Jovina aligombea. Mshindani wake alikuwa Chabani, mkulima wa Muyinga. Kila upande ulipiga kura kwao, kwa karatasi, kisha masanduku yaletwe Gitega kuhesabiwa. Siku hiyo mvua ilinyesha sana. Gari la Muyinga likakwama njiani, Karuzi. Na sheria ya ushirika ilisema sanduku likichelewa halihesabiwi. Zikahesabiwa kura za Gitega peke yake, Jovina akatangazwa mshindi. Wanawake wa Nyarusange wakapiga vigelegele.

Sanduku la Muyinga lilifika watu bado wanacheza. Limelowa, lakini kufuli lake zima.

Jovina aliomba ngoma inyamaze. Akaomba sanduku lifunguliwe mbele ya wote. Elias anakumbuka alimvuta kitenge, akamwambia akae, sheria iko upande wake. Jovina akamjibu: "Wale watu wameacha mashamba yao wakapanga mstari. Nitawaongozaje, na sauti zao nimezikalia?"

Likafunguliwa. Chabani akashinda.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Jovina alikuwa ameshatangazwa mshindi. Ni yeye mwenyewe aliyeomba sanduku lile lifunguliwe.

Nyumbani haikuwa rahisi. Elias anasema alinuna siku kadhaa. Jovina naye alilia jikoni, peke yake. Kile kiti alikitaka kweli.

Chabani alipoanza kazi, alimwomba Jovina asimamie kubadilisha sheria. Kura zikaanza kuhesabiwa palepale zilipopigwa, hadharani. Baadaye ikaja hoja ya mashine ya kupigia kura, inayotuma hesabu yenyewe, ili matokeo ya Muyinga yasingoje barabara. Wengi walifurahi. Jovina alisita. Alitaka kila anayebonyeza aione karatasi ya kura yake ikitoka, aitie sandukuni, ili ubishi ukizuka watu wahesabu kwa macho yao. Walibishana msimu mzima wa kahawa, mpaka wakamkubalia.

Hakuwahi kuibonyeza mashine ile. Moyo ulikuwa ukimsumbua muda mrefu, na asubuhi moja hakuamka.

Jumapili iliyopita ushirika ulipiga kura kwa mashine, Gitega na Muyinga siku moja. Karatasi nazo zikahesabiwa. Zikalingana. Chabani alishindwa na Adventina, mama wa Magarama, hapa Gitega. Akampa mkono palepale.

Tulimpigia simu Chabani. Akasema: "Mi nilipata kile kiti sababu ya mama Jovina. Ile sanduku ingekuwa ya Gitega, na mi ndiye nimeshinda, sijui kama ningesema bafungue. Mpaka leo sijui."

Mzee Elias, watoto, na jamaa wote wa Nyarusange, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, tujiulize kwa utulivu: siku ushindi ukiwa tayari mkononi mwetu, na bado kuna mtu hajasikilizwa, tutamsikiliza?

Apumzike kwa amani mama Jovina.