Kimya cha Chaneli Kumi na Sita

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha zamani cha chambo, na kijiji kizima kinaliita Benchi la Waongo. Hatukatai. Tuko wanne, wote wastaafu wa bahari. Yupo Barometa, ambaye hajawahi kupatia hali ya hewa tangu tukiwa vijana. Yupo Askofu, ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani ni siku ya harusi yake, lakini ana methali kwa kila jambo. Yupo Eilert, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Na mimi, Birika, kwa kuwa kahawa ni kazi yangu. Ndani ya dirisha, nyuma ya migongo yetu, kuna redio tuliyoing'oa kwenye chombo kilichovunjwa. Inakaa chaneli kumi na sita kutwa, ile ya vyombo kuitana na kuomba msaada, na waya wa maiki unapita dirishani mpaka benchini. Asubuhi hiyo ya Machi jua lilikuwa linawaka bure na baridi inakata masikio. Tiril, binti yake Eilert, alikuwa baharini peke yake na chombo chake, Teisten, msimu wake wa kwanza. Alikuwa ameahidi kumwita baba yake redioni kila saa. Saa nne aliita. Saa tano hakuita. Sasa saa sita ilikuwa inabisha hodi, na redio haijatoa hata mkwaruzo.

BAROMETA: Imekufa hiyo. Nawaambia imekufa.

ASKOFU: Haijafa, bwana. Nimeingia ndani sasa hivi, taa zinawaka. Tena jana ilikuwa ya kijani peke yake, leo na nyekundu ipo. Inafanya kazi mara mbili.

BAROMETA: Sasa mbona kimya? Vyombo ishirini viko nje, hakuna hata mmoja anayetukana?

MIMI: Mimi nasema ni lile friji jipya la dukani. Tangu limeletwa, hata saa yangu inachelewa.

BAROMETA: Friji! Yule mwenye duka angewasha friji siagi yake isingenuka vile. Siagi ya mwaka juzi anatuuzia kwa bei ya leo.

ASKOFU: Friji wala nini. Ni zile taa za rangi za mbinguni za jana usiku. Zilicheza angani mpaka alfajiri, zimeyala mawimbi yote ya redio. Dalili ya mvua ni mawingu.

BAROMETA: Mvua imeingiaje hapo?

ASKOFU: Methali haiulizwi, inasikilizwa.

Eilert alikaa mwisho wa benchi, macho baharini, mkono mmoja ameuchomeka ndani ya koti. Wiki iliyopita barafu iliganda kwenye kitufe cha maiki na tulihangaika nacho robo saa. Basi safari hii, Tiril alipomaliza kuzungumza saa nne, Eilert aliichukua maiki akaiweka kwapani, chini ya koti na sweta mbili, akaibana. Binti akiita, alisema, hataki kuanza kupigana na barafu.

BAROMETA: Mnajua nini? Manowari, zile za chini ya maji.

MIMI: Tumefika.

BAROMETA: Cheka tu. Warusi. Imelala chini ya fiodi hapo, mkono wetu wa bahari, inafyonza maneno. Sisi tukisema huku, wao wanaandika kule.

ASKOFU: Haba na haba hujaza kibaba.

MIMI: Wafyonze nini, Barometa? Habari za meno yako?

ASKOFU: Za meno ni zangu mimi! Yule daktari mpya aliyetoka kusini, yule binti Vilde, mnamwona mdogo vile. Jumanne kaniwekea mkono mdomoni, ni mkono wa mhunzi. Aling'oa jino nikahisi na goti linafuata.

BAROMETA: Afadhali yeye kuliko kahawa ya Birika.

MIMI: Kahawa yangu ina nini?

BAROMETA: Unachanganya machicha ya jana.

MIMI: Ya juzi. Ya jana nayaweka ya kesho. Na mmekunywa miaka minne bila kusema.

Tulicheka, kisha tukaona tunacheka watatu. Saa ya mkononi mwa Eilert ilikuwa nje ya mkono wa koti, na alikuwa anaitazama kila baada ya sekunde chache. Nikamimina kahawa ili mikono iwe na shughuli. Askofu, ambaye ulimi wake haujui zamu, akavuta pumzi.

ASKOFU: Ndiyo hivyo. Chombo cha kuzama hakina usukani.

MIMI: Askofu! Una wazimu?

BAROMETA: Mbele ya baba yake!

ASKOFU: Nilikuwa nazungumzia redio! Nilitaka kusema… haina usukani, yaani…

EILERT: Nyamazeni.

Askofu akajificha nyuma ya kikombe chake.

EILERT: Hazami. Yule anaendesha chombo kuliko mimi nilipokuwa umri wake. Kuliko mimi sasa, mkitaka ukweli.

MIMI: Umewahi kumwambia?

EILERT: Nimwambie ili iweje? Nilimwambia anashika usukani kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kila siku namwambia hivyo. Nilitaka achoke, arudi chuoni. Hachoki.

Miaka hamsini nimemjua Eilert, nimevua naye, nimezika naye, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Barometa naye, kwa kutaka kumfariji mwenzetu, akafanya jambo la kutisha zaidi.

BAROMETA: Eilert, sikiliza. Yuko kwenye eneo langu. Ndiyo maana haonekani.

MIMI: Eneo lako lipi?

BAROMETA: Lile. Nyuma ya kisiwa cha Skarvholmen. Unauweka mnara wa kanisa kwenye pengo la mlima, halafu jiwe jeupe la ufukweni unaliweka sawasawa na kona ya kibanda cha mlinzi wa taa. Hapo ndipo. Futi sabini, na samaki wamelala kama magogo.

Kikombe cha Askofu kilianguka. Huku kwetu alama za eneo la kuvulia hazisemwi. Baba anamnong'oneza mtoto, na mara nyingi anangoja mpaka yuko kitandani na padri amekwisha kuja. Kuna mjane mmoja hapa alimtikisa mumewe dakika ya mwisho akimwomba alama, na mume akafa amefumba mdomo, na tukamsifu kaburini. Barometa alikuwa amezitoa zake hadharani, mchana, juu ya kahawa ya machicha.

ASKOFU: Umesema. Yesu wangu, umesema.

BAROMETA: Nimesema kwa watu watatu. Mkirudia nawazika.

Ndipo Askofu akanyoosha kidole baharini. Vyombo vilivyokuwa vimetawanyika upande wa kusini, kila kimoja na nyavu zake, vilikuwa vinageuka. Kimoja, viwili, vitano. Vikaelekeza pua kaskazini, Skarvholmen, na moshi ukavitoka.

MIMI: Wanaenda wapi wale?

BAROMETA: Haiwezekani.

ASKOFU: Warusi wamewaambia! Barometa, manowari imekusikia!

BAROMETA: Haiwezekani, nasema! Nimelitaja sasa hivi tu!

Hata mimi, ambaye sikuamini manowari, nilijikuta nakagua maji kama kuna kitu kinachomoza. Robo saa nzima tulibaki tumeachama hivyo, Barometa akirudia haiwezekani yake, mpaka alipokuja yule daktari wa meno, Vilde, mbio kutoka gatini, buti hazijafungwa, redio ndogo ya mkononi imenyanyuliwa juu. Alinunua kijimashua wakati wa kiangazi na akafanya mtihani wa kutumia redio, tukamcheka kwamba amesomea kushika simu. Sasa kila hatua aliyotukaribia, ile redio yake ilikuwa inalia. Kwanza mluzi mwembamba, kisha yowe la kupasua kichwa. Na ndani ya yowe tukasikia sauti ya Barometa ikisema: haiwezekani.

VILDE: Achieni kitufe!

ASKOFU: Kitufe gani, daktari?

VILDE: Maiki! Iko wapi maiki? Nani ameishika? Nimemaliza gati zima nikiwatafuta! Mko hewani tangu saa nne!

Tukamgeukia Eilert. Naye akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akafungua koti, sweta ya kwanza, sweta ya pili. Maiki ikaanguka ikabaki inaning'inia kwenye waya wake. Yowe likakatika hapo hapo.

VILDE: Kitufe kikiwa kimebanwa redio yenu haisikii chochote. Inasema tu. Na wote walioko karibu wanawasikia ninyi tu, hakuna mwingine anayeweza kupenya. Redio mpya hujikata zenyewe baada ya dakika chache, hii yenu ni ya enzi za Nuhu.

MIMI: Kwa hiyo wametusikia…

VILDE: Siagi, manowari, kila kitu. Niliwatambua mliposema mkono wangu ni wa mhunzi.

Askofu akashika shavu lake. Barometa alikuwa anavitazama vile vyombo vikikimbilia urithi wa babu yake, midomo inacheza bila sauti. Lakini hatukupata muda wa kuona haya, kwa sababu nyuma yetu redio ilikuwa imefufuka. Sauti kumi kwa pamoja, zinatukana, zinaulizana, zinacheka. Kisha sauti ya kituo cha pwani, kavu, ikaamuru kila mtu aondoke kwenye chaneli kumi na sita kwa kuwa kati ya kelele hizo imesikika habari ya chombo kwenye hatari. Wakanyamaza wote. Ikabaki sauti moja, tuliijua, ya Odd-Steinar, ambaye nyavu zake zilikuwa karibu zaidi na Skarvholmen, akawa wa kwanza kufika kuiba eneo la Barometa.

ODD-STEINAR (redioni): Nimemkuta Teisten nyuma ya Skarvholmen. Injini imezima, anapelekwa na maji. Alikuwa amebakiza mita arobaini agonge mwamba. Kamba yangu imemshika, namvuta nje. Mtu ni mmoja, mzima.

Eilert alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Hakuna aliyemgusa. Nyuma ya Skarvholmen simu haishiki, hilo kila mtu analijua, na ukiwa huko redio ndiyo mdomo wako pekee. Tulikuwa tumeufunga mdomo huo kwa kwapa.

TIRIL (redioni): Benchi, Benchi, hapa Teisten. Niko salama. Kamba ya nyavu iliingia kwenye propela saa nne na nusu. Nimewaita tangu hapo, nilikuwa napata sauti zenu tu. Baba, nimesikia la sufuria. Na lile lingine. Zamu yako.

Maiki ilikuwa inaning'inia. Eilert hakuinyanyua.

VILDE: Jibu, mzee. Bonyeza, vuta pumzi moja, sema, achia. Basi.

Vilde akaweka redio yake ndogo juu ya benchi, akafunga buti moja, kisha akasimama akiwa na swali usoni, nikaona linakuja.

VILDE: Kuna kitu sielewi. Redio yake ni mpya, nimeiona gatini. Ina kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikishikilia, kinapeleka jina la chombo na mahali kilipo moja kwa moja kwa waokoaji, kwa chaneli nyingine kabisa. Hata mngekalia kumi na sita mwaka mzima, kingefika. Saa nzima na nusu anapelekwa mwambani na kitufe kiko mbele yake. Kwa nini hakukibonyeza?

Barometa akainama kuokota vipande vya kikombe.

Nilikuwa na jibu. Miaka miwili iliyopita jamaa mmoja mwenye chombo cha kijani alikibonyeza kile kitufe maji yalipoingia. Helikopta ikaja, boti ya uokoaji ikaja, na walipomfikia alikuwa amekwisha kuziba tundu kwa soksi. Tukamwita Mtalii. Akipita hapa tulimuuliza kama anataka kupigwa picha. Tulimwimbia. Kile chekundu, tulisema, ni cha watu wanaovaa miwani ya jua. Tulifanya hivyo mpaka akauza chombo akahama, na Tiril alikuwa amekaa hapa hapa, katikati yetu, na alicheka pamoja nasi. Eilert ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

VILDE: Hakujua kukitumia?

MIMI: Alijua.

VILDE: Sasa kwa nini?

Nikatazama kahawa yangu.

TIRIL (redioni): Baba? Zamu yako.

Ndipo Eilert alipoivuta maiki kwa waya wake. Akaishika kwa mikono miwili, akabonyeza.

EILERT: Tiril. Siku nyingine bonyeza kile chekundu. Mtu akikucheka… sisi tukikucheka…

Hakufika mwisho. Bahari yote, kutoka kwetu hadi Skarvholmen, ikamsikia mzee wa miaka sabini na nne akilia, kidole bado kiko kwenye kitufe. Vilde alimngoja kidogo, kisha akanyoosha mkono wake na kukinyanyua kile kidole, taratibu, ili mtoto aweze kujibu.